Nilihesabu Punje, Sikusikiliza Maneno

Shida yangu mie ilianza miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa nauza makuti Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa. Shule niliishia darasa la pili, mwanangu, lakini kuhesabu najua, na kuhesabu ndiko kulikoniponza.

Mtaa ulikuwa unachagua mjumbe wa baraza: Bwana Sefu au Bwana Mbaraka. Muuza kahawa wetu akaweka vikopo viwili, kila mnywaji atie punje ya buni kwenye kikopo cha mtu wake. Basi ikawa salamu hazijaisha, mtu kashauliza, "Nani mbele leo?" Kila asubuhi nilipita kuhesabu, kisha natangaza njia nzima kama niliyeajiriwa.

Ijumaa moja wagombea wote wawili walisimama uwanjani wakaeleza watakayoyafanya. Nilikuwepo, tena mbele. Nikawa nabishana na jirani habari za punje.

Shangazi yangu Bi Mwanaidi, aliyekuwa akinishonea makuti, akaniuliza, "Huyo Sefu wako anataka nini?"

"Anaongoza, shangazi! Kikopo kinamwagika!"

"Sijakuuliza kikopo. Anataka nini?"

"Aa, nyie wanawake siasa hamziwezi."

Akacheka, akaendelea kushona.

Nikampigia kura Sefu, akashinda, nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Wiki haikuisha, ikaja amri: makuti yaondoke barabarani, yanashika moto. Nikamkimbilia Sefu.

"Shikamoo mzee. Mbona hukutuambia?"

"Marahaba. Niliwaambia Ijumaa, kijana. Wewe si ulikuwa mbele pale, unapiga domo?"

Kibanda changu cha kuuzia kikavunjwa. Nikabeba magunia ya watu miaka mitatu, na shangazi akakosa kazi kwa sababu yangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Na yule muuza kahawa? Shemeji yake Sefu. Nani alikuwa akitia punje kabla sie hatujaamka, sijui. Siapi, lakini simwamini.

Mwanangu, ukiambiwa fulani anaongoza, uliza kahesabu nani, na kwa nini ana haraka ya kukwambia. Kisha achana naye, kamsikilize mgombea atakavyoifanya riziki yako. Kama huwezi kumjibu shangazi yako, bado hujawa tayari kupiga kura. Mola akupe sikio la kusikia na ulimi wa kuuliza.

Leo nina nyumba ya vyumba sita, ya bati. Minazi kumi na minne. Cherehani moja. Na kibanda cha makuti uani, ninapokimbilia bati likichoma.