Shokamzoba za Mtu Mmoja

Nakumbuka, mwanangu, siku ile ya mvua nilipopanda pikipiki ya mume wangu nikiwa nimembeba mtoto wangu Mwenda mgongoni, homa inamchoma na pumzi zinamkwama. Ilikuwa miaka ya tisini. Kutoka kwetu, ng'ambo ya Kanyakine, hadi hospitali mjini Meru, hatukuwa na namna nyingine.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu kuliko mimi, aliyopewa na baba yake. Shokamzoba zake za nyuma, ile miguu miwili ya springi inayoshikilia gurudumu, zilikuwa zimevuja mafuta yote. Kirimi, mume wangu, alitafuta nyingine mtaani Kinoru, Meru, hadi viatu vikatoboka. Mwishowe fundi mmoja akamfungia za pikipiki ya Kijapani, nyepesi kuliko yetu. Urefu ulikuwa uleule, bolti zikapita. "Zimeingia!" fundi akapaza sauti, nasi tukafurahi, maana kwetu kifaa kikishasemwa kimeingia, kazi imekwisha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nisamehe neno hilo, ni lao.

Kwenye mteremko wa kwanza nikasikia mkwaruzo chini yangu. Kila shimo, tairi liligonga madigadi, lile bati la kuzuia matope. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua.

"Baba Mwenda, simama!"

"Nikisimama mtoto atatufia hapa! Shikilia!"

"Tairi likipasuka tutakufa sote. Simama, ama niruke!"

Akasimama. Tairi lilikuwa limeliwa hadi nyuzi zikaonekana, na mbele yetu kulikuwa na kona na bonde. Sikungoja mashauri. Nilikaza leso, nikamwacha Kirimi na pikipiki, nikaanza kwenda kwa miguu kwenye matope. Mwenda akinyamaza, nilimfinya mguu ili alie. Nilimfinya mara nyingi, mwanangu, na kila mara nilingoja sauti yake.

Gari la maziwa likanikuta. "Panda, mama," dereva akasema. "Wacha alie. Anayelia yuko."

Tulifika, naye akapona. Kesho yake baba mkwe alikuja wodini. Hakugomba. Alimuuliza mwanawe Kirimi, aliyekuwa ametufuata, "Siku ya kuzijaribu hizo shokamzoba, ulikuwa umebeba nani?"

"Nilikuwa peke yangu, Baba."

"Basi ulipata za mtu mmoja. Na wewe una familia."

Baadaye Kirimi aliulizia hadi Embu, akapata mwenye pikipiki kama yetu, akamuuzia shokamzoba zake halisi. Zilipofungwa, aliniketisha nyuma na mtoto, akachuchumaa kuona springi zinashuka kiasi gani. "Kaa vizuri, Mama Mwenda," akasema, "usijifanye mwepesi!" Watu walitucheka, lakini tairi halikugusa bati.

Sasa sikiliza. Iwe ni kazi, nyumba au mchumba, usiridhike kwa kuwa kimekaa mahali pake siku ambayo hujabeba kitu. Kipakie mzigo wako wa kweli, kisha utazame kinavyoinama. Na uliyembeba nyuma akisema simama, simama. Pengine anasikia jambo ambalo wewe hulisikii, kwa kuwa upepo umekuziba masikio. Kawia ufike.

Mungu akutangulie kwenye miteremko, mwanangu, na wote unaowabeba wafike wakiwa hai.