Mdiria Ukingoni mwa Mto

Tangu apigwe na kiharusi, dereva wa malori aliyezoea kuongea kama cherehani hakuwa ametamka hata neno moja. Mkewe, mpishi wa shule, akampeleka kupumzika kwenye nyumba ya wageni ya kale, ukingoni mwa mto, mahali palipojaa ndege.

Asubuhi walikaa kwenye baraza la mbao zilizolainishwa na nyayo za wageni wa vizazi vingi. Mdiria wa bluu alijitupa majini, akaibuka mdomo mtupu. Akarudi tawini, akajitupa tena. Mke alikuwa amegeuka kumimina chai aliposikia sauti ya kukwaruza nyuma yake.

"Kamdaka!"

Chai ikafurika kikombe hadi mezani. "Nani kamdaka nani, mume wangu?"

"Ndege... samaki," alijibu, kila neno akilisukuma kama lori lililokwama matopeni.

Mkewe akacheka huku machozi yakimtiririka. "Haya, baba watoto, sema! Leo hata ukinisimulia safari zako zote, sikukatishi."

Akavuta kiti karibu naye. Mdiria aliporuka kwenda ng'ambo, mke alisikitika, lakini dereva akamshika mkono.

"Atarudi," akasema.