Kuuliza Majirani wa Mkwe Ujerumani

Binti yangu alipoposwa na kijana aliyekulia Ujerumani, nilifanya jambo ambalo mama yangu angelifanya: nilituma mtu akaulize majirani. Kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Mchumba ataficha, wazazi wake watamsaidia kuficha, lakini jirani hana sababu. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia.

Wazazi wa kijana ni Watanzania wenzetu. Husema wanakaa Hamburg, kumbe ni kimji jirani, kidogo, chenye meya wake na gari lake la zimamoto. Sikuwalaumu. Sisi tunakaa Bowie, mji mdogo huku Marekani, na nyumbani Tanzania tunasema tuko Washington.

Harusi ikipita, binti angehamia huko. Baba yake ni marehemu, na mtoto ni huyo huyo mmoja. Kwa hiyo nilimtuma mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Hamburg yenyewe, na kimoyomoyo nikaomba apate kasoro.

Alienda Jumapili, siku ambayo watu wangekuwa nyumbani. Jioni yake akanipigia.

"Dada, wa kwanza kaniuliza nauza nini. Wa pili kasema ni watu wazuri, ila kuna Jumapili walitupa chupa kwenye pipa la taka za vioo, na Jumapili kelele ni marufuku."

"Chupa za pombe?"

"Za juisi, dada."

"Na tabia ya kijana?"

"Hawaijui. Wamekaa nao miaka yote, wanapungiana mikono tu. Jina la ukoo wanalisoma kwenye sanduku la barua."

Nikashukuru Mungu. Kasoro ndiyo hiyo. Nikamwita binti sebuleni, nikamwuliza anakwenda kuishi mahali gani ambapo jirani hakujui. Ukiugua je? Ukilia, nani atakusikia?

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno.

"Mama, na wao wakituma mtu hapa Bowie, atamwuliza nani?"

Nje, jirani yetu alikuwa anaosha gari. Tumempungia mkono tangu binti akiwa shule ya msingi. Nililitafuta jina lake, sikulipata. Nikajaribu la jirani wa upande wa pili. Binti akanisubiri kwa adabu.

"Atakuuliza wewe," nikasema. "Wewe unanijua."

"Mimi nitakuwa Ujerumani, mama."