Sungura Namba Nne na Namba Saba

Mimi ni mjumbe wa komite ya maadili. Msicheke. Chuo kimoja hapa Kindu, jina lake naliacha, kiliambiwa na wafadhili kwamba bila komite ya kuchunga wanyama wa utafiti hakuna msaada, na wiki ileile maadili yakapatikana. Waliteua wasomi watano, kisha wakahitaji mtu mmoja asiye msomi, awakilishe wananchi. Wakanichukua mimi kwa sababu zamani nilikuwa nikifagia vizimba vya sungura palepale. Nikapewa fomu nene. Inauliza: mnyama atalala mahali pakavu? Atakula ashibe? Ataogopa? Niliisoma mara mbili, nikaguna. Wakati wa vita hakuna aliyekuja kutuuliza sisi hata swali moja kati ya hayo.

Miaka ile mji ulikuwa umefungwa pande zote. Ukienda shambani unapigwa risasi na hawa, ukibaki nyumbani unasumbuliwa na wale. Treni haikuja. Bosi wangu, profesa mmoja mzee mwembamba kutoka Kasai, alikuwa na sungura kumi na wawili aliowalisha majani ya namna mbalimbali, ajue yapi yanawanenepesha. Wenzake walikimbia, yeye akabaki. Kila asubuhi anakuja, anawahesabu, anatia sahihi kwenye kaye, daftari lenye jasho la mikono yetu wawili. Nilimwona mwendawazimu. Watu wanakufa njaa, yeye anapima sungura!

Kisha binti yangu wa miaka mitatu akavimba miguu. Nywele zikawa nyekundu. Siku moja akaacha kulia, na hapo njo niliogopa kweli. Nikachinja sungura mmoja. Kwenye kaye nikaandika: "Kifo cha ghafla." Juma lililofuata kifo cha ghafla kikarudi. Profesa alisoma, akanitazama, akatia sahihi. Mara ya tatu aliniuliza tu, "Mutoto anaendelea namna gani?" Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nikamletea paja, nimelifunga kwenye jani la mgomba. Akalirudisha.

"Mimi njo ninahesabu," akasema. "Nikila, nani atahesabu?"

Binti yangu alipona. Leo anauza sabuni sokoni na ana mdomo kunishinda. Profesa alikufa kabla treni haijarudi. Walisema homa. Homa gani! Ilikuwa njaa, na mimi nilijua.

Basi, mwaka huu msichana mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, alikuwa anafanya utafiti wake wa mwisho wa chuo, nyumbani kwao. Sungura kumi na wawili wanakula majani ya kawaida, kumi na wawili wanakula chakula alichobuni mwenyewe. Bila kazi hiyo hakuna diploma, na mama yake alikuwa ameshashonesha nguo ya sherehe. Komite ikamwandikia barua: tutafika Alhamisi saa sita mchana kukagua, tafadhali utupokee. Kwetu hapa, kumpokea mkubwa si kumwonyesha kiti. Msichana alikwenda chuoni kuuliza nani atatoa chakula cha wageni. Akajibiwa ajisimamie, utafiti ni wake.

Tulivuka mto wajumbe sita ndani ya mtumbwi mmoja, makoti na tai, jua la kuchemsha ubongo. Tukakuta meza imetandikwa kikwembe kipya. Wali, sombe ya majani ya muhogo, sufuria ya nyama yenye pilipili. Prezida wa komite, mwalimu mnene mwenye mkoba wa ngozi, akasema haki za wanyama zitasubiri kidogo, tule kwanza. Alidai mchuzi mara mbili. "Huyu mutoto ana adabu," akasifu. Mimi nilipewa paja. Nilijua kwenye tonge la kwanza. Mtu aliyechinja sungura miaka ile hasahau ladha yao. Nilijua, na nikaendelea kutafuna.

Kisha tukaenda kuhesabu. Upande huu kumi na wawili. Upande ule kumi. Kizimba namba nne na namba saba vimefagiliwa vizuri, vitupu.

"Wengine iko wapi?" prezida akauliza.

Msichana aliinamisha kichwa. "Njo mumewakula, Prezida. Sikuwa na kitu kingine."

Loo! Mjumbe mmoja alikohoa kana kwamba mfupa umerudi. Prezida, mafuta bado yanang'aa ndevuni, akafungua fomu na kusoma kwa sauti ya kanisani: mnyama akiuawa nje ya mpango, utafiti unafungwa. Katibu, mwenye huruma kidogo, akapendekeza tuandike kwamba walikufa kwa ugonjwa. Lakini ukurasa wa pili wa fomu unasema ugonjwa ukiingia, wote waliobaki wanauawa na kuchomwa moto. Kwa vyovyote msichana alikuwa amekwisha. Alielewa kabla yetu. Alishika wavu wa kizimba, machozi yakamtoka bila sauti.

Katibu akanisogezea kalamu. "Papa, wewe unajua sungura. Andika tu kifo cha ghafla, tutajua mbele ya safari."

Damu ikanipanda. "Mimi nilishaandika uongo huo," nikasema, "na uliponya mutoto. Leo munataka umalize mwingine? Muliandika utupokee, mukala mpaka mukalamba vidole, sasa munatafuta mwenye kosa!"

"Heshimu komite, mzee," prezida akasema.

"Naiheshimu. Ushahidi wote iko ndani ya tumbo ya komite."

Nikavuta kaye ya msichana, nikaandika: "Sungura namba nne na namba saba walichinjwa kwa mapokezi ya komite ya maadili. Komite iliwala. Utafiti uendelee na waliobaki." Wakakataa kutia sahihi. Nikawakumbusha fomu yao: bila sahihi za wote sita, yangu ikiwemo, hakuna uamuzi, ukaguzi unarudiwa. "Haina neno," nikawaambia, "turudi Alhamisi nyingine. Bado kuna ishirini na wawili." Walitia sahihi, mmoja mmoja, bila kutazamana. Prezida aliandika jina lake kwa herufi ndogo mno, utadhani sungura njo aliandika.

Jina langu lilikuwa la kwanza. Pembeni palikuwa na nafasi ya maoni ya mjumbe, ambayo hakuna aliyeijaza. Nilikumbuka paja lile kwenye jani la mgomba, namna lilivyorudi bila kuguswa. Nikaandika: "Nilijua ni sungura. Nilikula."

Msichana alipokea kaye yake. Alisoma, akanitazama, akatia sahihi.