Bi Mitambo na Kura ya Jumbe

Pale redioni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Mitambo, kwa sababu kila kilichokuwa na waya kilikuwa mikononi mwake, kuanzia maikrofoni za studio hadi kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma, iliyonguruma kama mashine ya kusaga unga. Miwani yake ilikaa kichwani zaidi kuliko machoni. Kitu kikikataa kufanya kazi, wenzake walinuna, yeye alichangamka. "Kimenichokoza," angesema, na hapo chai yake ingepoa mezani bila kuguswa.

Safari hii kilichomchokoza kilikuwa faili. Redio ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na mkurugenzi alikuwa ameahidi hewani kwamba asubuhi ya sherehe zitasomwa jumbe za zamani za wasikilizaji, zikichaguliwa kwa kura. Jumbe zote zilizowahi kuingia kwa simu zilikuwa ndani ya faili moja, kila ujumbe kwenye mstari wake: salamu, maombi ya nyimbo, malalamiko, watu waliopoteza mbuzi na watu waliopoteza wachumba.

"Dada, iwe kura kweli," alimwomba mtangazaji wa asubuhi, kijana waliyemwita Kasuku kwa wepesi wa ulimi. "Watu wananisema kwamba nasoma za rafiki zangu tu."

"Na ni uongo?"

Kasuku akageukia skrini.

Bi Mitambo akajaribu kulifungua lile faili. Kompyuta ikaganda kimya, skrini ikawa nyeupe. Akaizima, akaiwasha, na mara ya pili akachota mistari ya juu tu bila kulifungua faili zima. Kasuku alipoanza kuisoma alicheka mpaka akashika mbavu. Karibu yote ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, akiwasalimu wakwe zake asubuhi, mchana na jioni.

"Wakwe hawa walikoma," akasema.

"Huo ni mwanzo wa redio, mdogo wangu. Pengine alikuwa ndiye msikilizaji wetu peke yake."

Kuchota juu hakufai, basi, na faili lenyewe halifunguki. Bi Mitambo akakuna kichwa, miwani ikaanguka, na alipoinama kuiokota akakumbuka mbinu aliyowahi kufundishwa chuoni akadhani hataihitaji maishani. Akavuta kiti, mikono ikimwasha.

"Sikiliza. Tuna bakuli lenye nafasi mia," alimweleza Kasuku huku akiandika programu. "Kompyuta haihitaji kubeba faili zima. Inasoma mstari mmoja, inausahau, inasoma mwingine. Mia ya kwanza inaingia bakulini bure. Baada ya hapo kila mstari unaokuja unapigiwa kura, uingie au upite. Ukiingia, mmoja wa waliomo anatolewa, naye kwa kura. Na kadiri mistari inavyozidi kupita, ndivyo nafasi ya mgeni kuingia inavyozidi kuwa finyu."

"Basi wa kwanza wamependelewa. Yule fundi cherehani ameshaingia."

"Ameingia bure, lakini ndiye anayekaa muda mrefu kwenye hatari ya kufukuzwa. Ukifika mwisho wa faili, wote wamekuwa na bahati ile ile."

Kasuku akafikiri, kisha akapiga meza kwa kofi. "Hiyo nimeipenda."

Kwanza waliijaribu kwenye faili dogo. Bi Mitambo aliandika majina ya utani ya wafanyakazi wote, la mkurugenzi likiwa la mwisho, akaiamuru programu ichague watatu, tena na tena. Kasuku alijitokeza. Mfagizi alijitokeza, mhasibu pia. Mkurugenzi, hata kwa dawa.

"Bosi, kompyuta imekukataa," Kasuku akaita mlangoni.

Mkurugenzi akaja, akasimama nyuma ya kiti cha Bi Mitambo, na akawa na hamu kuliko wote. Bi Mitambo alipitia kazi yake neno kwa neno mpaka akaona kosa. Mstari wa mwisho haukuwa na alama ya kuufunga, ile inayoonyesha kwamba mstari umeisha, na programu ilikuwa ikisimama kabla ya kuusoma. Akarekebisha, akabonyeza. Watatu wakatoka, lakini mkurugenzi hakuwemo. Akabonyeza tena, na safari hii jina lake lilikuwa juu kabisa. Mkurugenzi alirusha mikono miwili juu kama aliyefunga goli.

Nyumbani kwa Bi Mitambo mambo yalikuwa mengine. Mume wake alikuwa kinyozi, na redio haikuzimwa kamwe kwenye kibanda chake. Kwa miaka mingi alikuwa akituma jumbe zisizosomwa.

"Mama Pacha, wewe ndiye mwenye funguo," alimwambia wakila. "Nichomeke hapo kidogo tu."

"Nikikuchomeka wewe, Baba Pacha, hiyo si kura tena."

Alinuna mpaka sahani zikatolewa.

Asubuhi ya sherehe Bi Mitambo alibonyeza kitufe Kasuku akiwa tayari hewani. Mistari ikapita, bakuli likabadilika, na mia moja wakabaki. Alizichapa kwenye karatasi, akakimbia nazo zikiwa bado za moto hadi ukumbini, Kasuku alikokuwa akitangazia sherehe, kandambili zikipiga makofi sakafuni.

Kasuku akasoma. Mtu aliuliza ni saa ngapi. Mwingine alimwomba msamaha jirani kwa sababu ya jogoo. Simu zikaanza kulia zote kwa pamoja, maana watu walikuwa wakijitambua. Jirani wa jogoo alipiga kusema kwamba amesamehe, ingawa hakuwahi kuombwa ana kwa ana. Ujumbe wa kinyozi haukutoka. Badala yake alituma mpya, na Kasuku akausoma: "Mke wangu ndiye fundi na mimi sikupata. Kura ni safi, mimi ni shahidi." Bi Mitambo, aliyekuwa amerudi kwenye mitambo yake, alicheka hadi machozi, mkono ukiwa kwenye swichi.

Kisha, kwenye karatasi za kura, ukaja huu: "Naomba wimbo wowote wa polepole. Mke wangu yuko leba, mimi nipo nje kwenye benchi."

Kabla Kasuku hajageuza karatasi, mwanamke akapiga. "Huyo ni mume wangu," akasema. "Na mtoto yupo hapa, amenizidi kimo. Tunakuja."

Walifika mchana, watatu: mama, binti mrefu mwenye sare za shule, na baba, mchomelea vyuma, bado kwenye nguo za kazi. Bi Mitambo aliwaita kwenye kompyuta, akawaonyesha mstari. Binti akausoma huku akiufuata kwa kidole.

"Baba, walikupigia huo wimbo?"

"Sijui," akasema baba yake. "Nesi alitoka akaniita ndani."

Kasuku alikwisha kuelekea studio. Punde wimbo wa polepole ukajaa chumba cha nyuma, na yule mchomelea vyuma akaegemea ukuta, kofia mkononi, akausikiliza mpaka ukaisha.