Gambuti Nilizozikataa Ringwani

Nisifiche, watu wangu, nililia mbele ya mke wa mwanangu. Lakini ngoja nianzie kwenye tohara yangu, maana siku ile nilisimama wima kama nguzo, kisu kikapita, sikupepesa jicho, na baba akanipa mtamba mwekundu (alikuja kufa kwa kula mfuko wa nailoni, ila hayo ya ng'ombe tuyaache). Tangu hapo najua maumivu ni ya kumezwa.

Sasa mafuriko ya majuzi hapa Ringwani yakaangusha madarasa ya shule, tukaitwa kuzoa tope na mabati, na aliyewekwa kutulinda tusiumie ni muuguzi wa zahanati, Bhoke, mkwe wangu huyo huyo. Akasimama na rundo la gambuti.

"Haingii mtu bila viatu. Mmoja akiumia, nimeshindwa mimi."

Sawa, lakini kwa desturi niliyolelewa baba mkwe hagusani na mke wa mwanawe, sasa mimi nipokee viatu mkononi mwake, nipimwe na mguu, watu wanatazama? Nikajibu kwa sauti, "Nyayo hizi zimekanyaga miiba yote ya Natta!" nikaingia peku. (Ningemtuma Chacha, tuliyetahiriwa naye rika moja, anichukulie. Akili hiyo ilikuja baadaye.)

Hatua ya tano, msumari wa ubao ukapenya unyayo. Nikasimama wima kama siku ya kisu, mikono kiunoni, wenzangu wanapita na makoleo.

"Mura, umeota mizizi?" akauliza Chacha, akiniita kijana kama siku za jando.

"Nasimamia kazi."

"Nani kakuteua?"

Nikasimamia hivyo hivyo mpaka tope likawa jekundu, Bhoke akaliona, akaja mbio, akapiga magoti, akaushika mguu wangu! Nikajifunika uso kwa kofia.

"Tata, baba yangu, niwie radhi. Ukifa kwa pepopunda nitamwambia nini mwanao?"

Akauvuta msumari. Nikalia "Mamaaa!" mbwa wa kijiji kizima wakaitikia, kilio nilichokibana tangu tohara kilitoka chote.

Akanisafisha, akanichoma sindano, kisha akawaambia watu, "Kosa ni langu. Ningeziweka chini, mzee achague mwenyewe." Hilo liliniuma kuliko msumari. Akaweka jozi moja chini mbele yangu, akarudi nyuma, akageuza uso.

Siku hizi hata kukamua ng'ombe sikamui bila gambuti. Lakini siku ile nilivaa moja mguu mzima, nyingine nikaikumbatia, nikashika njia bila kuaga, na shuleni pale sijakanyaga tena.