Nyundo kwenye Sakafu ya Waithera

Inatangazwa kwamba ardhi ya Jiji la Nakuru ni imara, kwamba ufa uliotokea baada ya mvua umefukiwa kitaalamu, na kwamba wakazi warejee majumbani bila hofu. Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Jumanne Waithera alirudisha kitanda, makochi na mama yake, Wachuka, aliyepooza miguu.

Jumatano, mvua ya usiku ilipokatika, Naftaly Omolo alifika mlangoni na nyundo. Marehemu babake alikuwa mtu wa reli: treni ikiingia stesheni, alipita akigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa. Mwana alirithi nyundo na sikio, na tangu ardhi ianze kupasuka, mtaa humwita agonge sakafu kila baada ya mvua. Jiji lina wahandisi. Mtaa una Naftaly. Safari hii hakuitwa. Tangazo lilitosha.

"Mzee, si umesoma karatasi?" Waithera aliuliza.

"Nimesoma. Imeandikwa vizuri sana. Nipishe nigonge."

Mlangoni, ngo. Kando ya meko, ngo. Karibu na kitanda, pu.

Akagonga tena. Pu.

"Hiyo nyundo imezeeka," Waithera alisema, ila sauti ilikuwa imemshuka.

"Imezeeka, ndiyo. Shika godoro upande wa kichwa. Pitia ukutani, usikanyage katikati."

"Omolo," Wachuka akasema kutoka kitandani, "mimi si gunia la viazi, waru ya Kuresoi. Polepole."

"Leo ni haraka, mathe. Polepole ni kesho."

Wakamnyanyua na godoro lake. Naftaly alitangulia kinyumenyume, akipapasa sakafu kwa kisigino kabla ya kuiamini. Mlangoni godoro likakwama. Nyuma yao, juu ya stuli, kikombe cha chai kikaanza kulia chenyewe kwenye kisahani chake.

"Kikombe changu," Waithera akageuka.

"Wacha kikombe! Inamisha godoro!"

Walikuwa uani, Wachuka akiwa bado ameng'ang'ania shati la Naftaly, sakafu ilipokwenda. Haikupiga kelele nyingi. Ilianza stuli, kisha kitanda, mguu mmoja mmoja.

Saa nane mchana afisa wa Jiji alikuja kulisoma tangazo upya: ardhi ni imara, na shimo lile ni la mtu binafsi. Alilisoma kwa kipaza sauti, bila kushuka garini. Gari lilisimama ng'ambo ya reli, juu ya lami, na injini haikuzimwa.